Kutega Mbu wa Malaria kwa Chambo cha Harufu Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wenye nyumba tunakotundika mitego, wenyeviti wa mitaa na vijiji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Mtego wenye chambo ni kitu gani?

Ni kifaa kinachomdanganya mbu jike kwamba mbele yake kuna mtu wa kunyonya. Kina sehemu tatu: chambo kinachomvuta, feni ndogo ya betri inayomfyonza akifika karibu, na mfuko wa neti au kikombe kinachomzuia asitoke. Asubuhi tunafungua, tunahesabu, tunatenganisha aina.

Mbu dume hanyonyi damu, anaishi kwa utomvu wa maua na mimea. Kwa hiyo chambo chenye harufu ya binadamu hulenga majike, nao ndio wanaobeba malaria.

2. Nikiwekewa mtego chumbani, nitakuwa nimekingwa?

Hapana. Swali hili tunaulizwa kila nyumba, na jibu ni lile lile: mtego ni wa kuhesabu, chandarua ndicho cha kukinga. Mtego mmoja hauwezi kuwamaliza mbu wa chumba kizima, sembuse wa mtaa. Tukisikia mtu ameacha chandarua kwa sababu "mtego upo", tunautoa mtego siku hiyo hiyo.

Kuna mahali ambako mitego ilijaribiwa kama kinga. Tazama swali la 25.

3. Dodoma malaria ni kidogo. Mnahangaika na nini?

Ni kweli kwamba Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache nchini. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Lakini uchache huo ndio unaofanya ufuatiliaji uwe wa lazima. Mahali penye malaria nyingi watu wazima wengi wana kinga fulani ya mwili, hapa hawana. Mlipuko ukija, huwakuta watu wakiwa wepesi.

Isitoshe, mkoa si kitu kimoja. Bahi kuna mashamba ya mpunga, Hombolo kuna bwawa, kusini kuna bwawa la Mtera. Vijiji vya wafugaji vina malambo. Mjini, tangu serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, ujenzi umeacha mashimo ya matofali na ya mchanga kila upande, na mvua ikinyesha yanajaa. Mtu wa katikati ya mji na mtu wa kando ya majaruba ya Bahi hawaishi na mbu wale wale.

4. Mnajuaje kama mbu ni wa malaria?

Kwa macho, mwangalie anavyotua. Mbu wa jenasi ya Anopheles huinua mkia juu, mwili mzima ukasimama mshazari kama msumari uliopigwa vibaya ukutani. Yule wa Culex, anayetulilia masikioni mjini na kuzaliana kwenye maji machafu ya vyoo na mitaro, hulala sambamba na ukuta. Mtegoni wengi huwa ni Culex, na mwenye nyumba hushtuka akiona mfuko umejaa. Tunamtuliza: hao wanaudhi na wana magonjwa yao, ila malaria hawaibebi.

Ndani ya Anopheles kuna wanaofanana kama pacha. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis huwezi kuwatofautisha kwa macho hata ukiwa na darubini, ni kipimo cha vinasaba maabara tu. Anopheles funestus, anayependa maji ya kudumu yenye majani, mwenye uzoefu anaweza kumtambua kwa darubini. Katika sehemu kavu kama zetu, arabiensis ndiye mwenyeji mkuu.

## Harufu yenyewe

5. Mbu ananusa nini kwetu?

Anaanza na pumzi. Hewa ukaa tunayotoa puani humfikia akiwa mbali, makumi ya mita kwa upepo mzuri, naye huipokea kwa viungo vidogo vilivyo pembeni ya mdomo wake. Hewa hiyo humwambia tu kwamba kuna kiumbe kinachopumua upande ule. Inaweza kuwa mtu, mbuzi au mbwa.

Akisogea, ndipo harufu ya ngozi inapomwambia ni nani. Jasho jipya halina harufu kubwa. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolivunja na kutoa mchanganyiko wa amonia, asidi laktiki na asidi nyingine zenye harufu kali. Akiwa karibu kabisa, joto la mwili na unyevu humalizia kazi. Ndiyo maana chambo kizuri hakiwi kitu kimoja. Ukiweka hewa ukaa peke yake unapata mbu wachache, ukiweka harufu ya ngozi peke yake unapata wachache, ukiviunganisha wanaongezeka.

Jaribio moja lililofanyika Macha, Zambia, na kuchapishwa mwaka 2023, liliwaachia mbu katika banda kubwa la neti usiku na kuwapelekea hewa kutoka kwenye mahema waliyolala watu. Mbu walichagua baina ya watu kwa harufu tu. Waliowavutia zaidi walikuwa na asidi fulani nyingi kwenye harufu yao.

6. Ni kweli mnatumia soksi zilizovaliwa?

Ni kweli, na si mzaha, ingawa watoto wakisikia hucheka hadi kukaa chini. Miguu ina bakteria wengi, na nyuzi za nailoni hushika harufu na kuiachia taratibu. Soksi ya nailoni iliyovaliwa kutwa ni chambo halali cha utafiti. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, akiwamo Fredros Okumu, ni miongoni mwa waliofanya harufu ya miguu ijulikane duniani kama silaha dhidi ya mbu.

Kabla yao kulikuwa na kisa cha jibini. Mholanzi Bart Knols na wenzake walionyesha kwamba Anopheles gambiae huvutwa na jibini ya Limburger kama anavyovutwa na miguu ya mtu, kwa sababu bakteria wanaoitengeneza ni ndugu wa wale walio kati ya vidole vyetu. Mwaka 2006 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha.

Ila soksi ina kasoro moja kubwa kwa kazi ya ufuatiliaji: soksi za watu wawili hazilingani, na za mtu mmoja leo na kesho hazilingani. Ukitumia soksi huwezi kusema mbu wameongezeka au ni mvaaji aliyetembea zaidi juani. Ndiyo sababu ya swali linalofuata.

7. Chambo cha maabara kina nini ndani?

Vitu vichache vinavyotoka kwenye ngozi, kwa vipimo visivyobadilika. Mchanganyiko uliotengenezwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, una amonia, asidi laktiki, asidi nyingine ya mafuta, na viungo viwili vinavyopatikana pia kwenye harufu ya mwili. Ifakara nao walichapisha mchanganyiko wao mwaka 2010. Kuna pia vya kiwandani vinavyouzwa tayari ndani ya mfuko, unafungua na kuning'iniza.

Vya Mbita na Ifakara vinaloweshwa kwenye vipande vya nailoni. Njia hii ilishinda vifuko vya plastiki na vichupa vilivyo wazi, kwani nailoni huachia harufu polepole na kwa muda mrefu. Vipande vilivyotunzwa vizuri vimeonekana kufanya kazi kwa miezi mingi.

Kuvitunza ndiko kunakowashinda wengi. Kila kiungo na kipande chake, kwenye karatasi ya aluminiamu, ndani ya jokofu, na usivishike kwa mkono mtupu. Ukivishika baada ya kujipaka losheni, umeshatengeneza chambo chako mwenyewe ambacho hakuna anayekijua.

8. Hewa ukaa mnaipata wapi vijijini?

Mitungi ya gesi ni ghali na mizito. Barafu kavu, huku kwetu, ni ndoto. Tunatumia hamira, sukari na maji, kama mtu anayeumua unga wa maandazi, ila hapa tunataka ile gesi badala ya andazi. Kipimo kinachojulikana ni gramu 17.5 za hamira kavu, gramu 250 za sukari na lita 2.5 za maji kwenye dumu, kisha mpira mwembamba unatoka kwenye kifuniko hadi mtegoni. Wengine hutumia molasi badala ya sukari kupunguza gharama.

Koroga jioni ya kutega, usikoroge mchana. Mpira usizibe: dumu lililoziba linavimba na linaweza kupasuka. Na kumbuka baridi. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa blanketi mbili, hamira inasinzia na gesi inapungua. Ukilinganisha namba za Julai na za Februari bila kukumbuka hilo, utasema mbu wamekwisha kumbe ni chambo kilichopoa.

9. Kwa nini mbu wananiuma mimi na mwenzangu hawamgusi?

Bakteria wa ngozi hutofautiana. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliokuwa na bakteria wengi lakini wa aina chache waliwavutia Anopheles gambiae zaidi ya wale wenye aina nyingi tofauti. Wajawazito huvutia mbu zaidi: Gambia, mwaka 2000, ilionekana wanavutia takriban mara mbili ya wasio wajawazito. Na walevi mnisamehe, Burkina Faso walijaribu pombe ya mtama, mbu wakawapenda zaidi walioinywa. Mvinyo wa zabibu za Makutupora, wa hapa Dodoma, sijaona aliyeujaribu.

Kula vitunguu swaumu au kunywa vidonge vya vitamini ili mbu wakukimbie, hilo halijathibitika.

## Mitego na kazi zake

10. Mtego wa taa: chambo si taa?

Sehemu ndogo tu. Mtego huu, uliobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, una balbu ndogo, feni na betri. Hapa Afrika tuligeuza matumizi yake: unatundikwa kando ya kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua. Mtu ndiye chambo. Mbu anamfuata, anakuta chandarua, anazungukazunguka akitafuta upenyo, na feni inamkuta hapo. Ukiuweka kwenye chumba kisicho na mtu utapata nondo na vipepeo.

Njia hii ililinganishwa Muheza, Tanga, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 1991. Kwangu mimi bado ndiyo njia ya kuanzia kwa kazi ya kila mwezi Dodoma. Betri inachajika, fundi wa mtaani anaweza kutengeneza feni, na chambo kinajipumulia chenyewe bila hamira.

11. Basi harufu za maabara zinatumika wapi?

Pale ambapo mtu hawezi kulala. Nje ya nyumba, barazani watu wanapoketi hadi saa 4 usiku, kando ya zizi, kwenye kambi ya wajenzi. Mtego wa Suna ni wa aina hii. Jina lake ni la Kijaluo, maana yake mbu, na unaning'inizwa nje ukiwa na chambo ndani. Kuna pia wenye umbo la ndoo ya kitambaa unaokaa chini, mzuri zaidi kwa Aedes, yule wa mchana mwenye madoa meupe anayeeneza dengi.

12. Kwa nini msiwakamate wanapotua mguuni kama zamani?

Njia hiyo ipo bado: mtu hukaa na mguu wazi usiku, anamulika tochi, na mbu akitua anamvuta kwa mrija kabla hajauma. Hesabu yake ndiyo iliyo karibu na ukweli wa kuumwa. Lakini unamweka mtu mbele ya malaria. Inahitaji kibali cha kimaadili, dawa ya kinga kwa wakamataji, na usimamizi wa usiku kucha, na hata hivyo fundi mmoja anasinzia na mwingine ana mkono mwepesi. Chambo cha harufu kimetafutwa miaka yote hii ili kumtoa mtu kwenye kiti hicho.

13. Zile taa za zambarau za dukani zinazokaanga wadudu?

Zinakaanga nondo, kumbikumbi na vidudu visivyouma. Kwa hesabu ya mbu wa malaria hazifai: mdudu aliyeungua hatambuliki.

## Usiku wa kutega

14. Mtego unawekwa wapi na saa ngapi?

Ndani, upande wa miguu ya kitanda, kimo cha mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mwenye kulala awe ndani ya chandarua kizima kisichotoboka. Ukikuta tundu, shona au badilisha kwanza, la sivyo mbu anaingia kwa mtu na mtego unabaki unanguruma bure.

Kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, dari iko chini na ndani ni giza hata mchana, mbu hupenda kupumzika humo. Kutundika juu ya boriti ni rahisi, ila angalia moshi: kama mafiga yako chumba kilekile, andika saa waliyozima moto. Nyumba za bati zenye uwazi kati ya ukuta na paa ndizo mlango mkuu wa mbu, nayo iandikwe.

Fika mapema. Uingie kwa "mbukwa", salamu ya Kigogo, ukae, uulize hali, ndiyo utaje mtego. Anayeingia na betri mkononi saa 12 kasoro dakika tano hapati nyumba ya pili.

15. Asubuhi nifanye nini kwanza?

Sikiliza feni. Kama inazunguka, funga mdomo wa mfuko kabla ya kuizima, kwa sababu feni ikisimama mfuko ukiwa wazi mbu wanatoka. Kama imesimama, soma swali la 17 kabla ya kuandika chochote.

Weka mfuko kwenye boksi la baridi na kitambaa chenye unyevu, mbali na jua. Ukifika kituoni, ua kwa kugandisha, tenganisha jike na dume, Anopheles na wengine, na utazame tumbo: tupu, jekundu la damu, au lenye mayai. Kila mbu wa Anopheles aingie kwenye kichupa chake chenye vidonge vya kukausha, na lebo iliyoandikwa kwa penseli. Wino hufutika, nimelia na hilo.

16. Mbu walikuwepo usiku, asubuhi nakuta mabawa tu.

Sisimizi. Wanashuka kwenye kamba na kula kila kitu wakiacha mabawa na miguu. Paka grisi au mafuta mazito ya kujipaka sehemu ya kamba iliyo juu ya mtego, na hakikisha mfuko haugusi ukuta wala neti ya kitanda. Mjusi naye hujifunza haraka kwamba mtego ni hoteli.

17. Mtego ni mtupu. Niandike nini?

Hapa ndipo data nyingi za Dodoma zinapoharibikia. Kuna utupu wa aina mbili na havifanani hata kidogo.

Kama feni ilikuwa inazunguka asubuhi, mtu alilala, chandarua kizima, mfuko haukutoboka, basi andika 0. Hiyo 0 ni kipimo kamili kama 50. Kama betri ilikufa usiku, waya ulichomoka, mwenye nyumba alizima kwa sababu ya kelele, au mfuko una tundu, andika "mtego umeshindwa" na sababu yake. Usiku huo hauingii kwenye hesabu.

Nieleze kwa mfano wa kufikirika. Umetega usiku 40, ukapata Anopheles 6. Wastani ni 0.15 kwa usiku mmoja wa mtego. Sasa kama vijana wako wanaona aibu kuleta fomu zenye 0, wakaleta zile 5 tu zilizokuwa na mbu, wastani unakuwa 1.2, mara nane ya ukweli. Na kama kati ya zile 35 kuna 10 ambazo betri zilikufa, basi hata 0.15 ni ndogo mno, ilipaswa kuwa 0.2. Kijiji ni kilekile, mbu ni walewale, hesabu tatu. Mahali penye mbu tele kosa hili linamezwa. Kwetu, ambako usiku mwingi mtego hauna Anopheles hata mmoja, kosa hili ndilo linaloamua ripoti inasema nini.

Msimamizi anayegomba kwa sababu ya fomu zenye 0 anawafundisha watu wake kudanganya.

## Hofu za wenye nyumba

18. Chambo hakitatuletea mbu wa jirani?

Mtego wa ndani unaotegemea mtu aliyelala hauongezi harufu yoyote, wewe ungelala hapo kwa vyovyote. Chambo cha nje chenye hewa ukaa kinaweza kuwasogeza mbu waliopo karibu, na ndiyo maana hatukiweki mlangoni wala dirishani, tunakitenga na mahali watu wanapoketi.

19. Watu wanasema mnapeleka damu yetu mahali.

Maneno ya mumiani ni ya zamani na hayafi kwa kucheka. Tunajibu kwa kuonyesha. Asubuhi mfungulie mwenye nyumba mfuko mbele ya majirani, mwonyeshe mbu mmoja mwenye tumbo jekundu, mweleze kwamba damu iliyomo ni tone ambalo jicho linaliona kwa shida, na kwamba kipimo chake ni kujua kama mbu alikula kwa mtu, ng'ombe, mbuzi au kuku. Kichwa na kifua cha mbu hupimwa kama vina vimelea vya malaria vilivyokomaa. Baadaye rudi na majibu ya nyumba ile. Kutorudi ndiko kunakozaa mumiani.

Na kwa wanaouliza: mbu haenezi virusi vya UKIMWI.

20. Hewa na kemikali hizo ni salama kwa watoto?

Gesi ya dumu moja la hamira ni kidogo, hata hivyo dumu tunaliweka nje. Vipande vya nailoni vina viungo vinavyotoka pia mwilini mwetu, ila si vya kuchezea wala kutia mdomoni. Hatari ninayoiogopa zaidi ni betri: asidi na waya. Iwekwe kwenye boksi lenye kifuniko, mbali na mikono midogo.

## Mambo ya hapa kwetu

21. Tuna ng'ombe wengi. Harufu ya mtu itawadanganya mbu wa hapa?

Swali zuri kuliko yote katika ukurasa huu, na mara ya kwanza niliulizwa na mzee mfugaji, si mwanafunzi. Anopheles gambiae na funestus wanampenda mtu hasa. Arabiensis hana dini moja: akimkosa mtu anakwenda zizini, na anauma nje na mapema zaidi. Vyambo vingi vya maabara viliundwa kumfuata yule anayempenda mtu. Ukivitundika Ugogoni, karibu na zizi lenye ng'ombe 60 wanaopumua, mtego wako ni mnong'ono kwenye mnada.

Kwa hiyo usitegemee chambo cha harufu peke yake. Tega ndani kwa mtego wa taa na mtu chandaruani, tega nje kwa chambo, na tafuta wanaopumzika mchana kwenye kuta za tembe, mitungi na maboksi meusi. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba mkojo wa ng'ombe ukiwekwa kwenye maboksi ya kupumzikia huwavuta arabiensis. Chambo hicho hakinunuliwi. Na kila nyumba andika idadi ya mifugo na inalala umbali gani.

22. Miezi gani ni ya kutega?

Mwaka mzima kwa nyumba chache zilezile, kuliko nyumba nyingi kwa mwezi mmoja. Mbu huongezeka wiki chache baada ya mvua kushika, kwa kuwa yai hadi mbu kamili ni wiki moja hadi mbili, na kimelea ndani ya mbu huhitaji siku 10 hadi 14 hivi kukomaa kulingana na joto. Kiangazi usikiache: makorongo yaliyokauka huchimbwa visima vya mchangani, na bwawa la Hombolo halikauki kwa sababu sisi tumefunga ofisi.

## Maswali ya pembeni

23. Nataka kulinganisha vyambo viwili kwa ajili ya tasnifu.

Usiweke chambo A nyumba ya kwanza na chambo B nyumba ya pili kwa mwezi mzima. Nyumba hazilingani, moja hupata mbu wengi kila siku kwa sababu ya maji au uwazi wa paa. Vizungushe: kila chambo kilale kila nyumba kwa zamu, pamoja na mtego usio na chambo. Badilisha glavu kati ya chambo na chambo. Vibali vya kimaadili huombwa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na viombwe mapema.

24. Naweza kutumia mbu wa mtegoni kupima usugu wa viuatilifu?

Kwa shida. Feni inawavunja miguu na mabawa, tena hujui umri wao. Kusanya viluwiluwi, walee, upime majike wa siku 3 hadi 5.

25. Kwa nini msitege kila nyumba tukawamaliza?

Kisiwa cha Rusinga, Kenya, kilifanya hivyo. Nyumba ziliwekewa umeme wa jua na mtego wenye chambo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha maambukizi kupungua kwa karibu asilimia 30, na funestus kupungua kwa karibu asilimia 70. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ni kisiwa, mbu wa nje hawaingii kirahisi, na aliyepungua sana ni funestus. Kwetu hakuna ziwa la kutuzungushia ukuta, na mwenyeji ni arabiensis wa swali la 21.

26. Vipi mbu mpya wa mijini tunayemsikia?

Anopheles stephensi ana asili ya Asia. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na Kenya 2022. Anazaliana kwenye matangi, mapipa na maji ya ujenzi, vitu ambavyo Dodoma ya leo inavyo kila kona. Mitego ya taa na harufu ya mtu humkamata kwa uchache, kwa hiyo mtego mtupu si uthibitisho kwamba hayupo. Funua matangi utafute viluwiluwi.

27. Usiku wa kutega palikuwa na msiba, watu 20 wamelala sebuleni na uani. Nihesabu?

Usiutupe usiku huo, na usiuchanganye na mingine kimyakimya. Andika idadi ya waliolala, wangapi walikuwa nje ya chandarua, na saa mlango ulipofungwa kama ulifungwa. Watu 20 ni chambo kikubwa: wanaweza kuwaleta mbu nyumbani na papo hapo kuwatoa mtegoni, kwa kuwa miguu iliyo wazi ni rahisi kuliko feni. Mchambuzi ataamua baadaye auweke wapi, mradi anajua.

Na mtego wenyewe, ukifika ukakuta msiba, uache kwenye gari. Kaa na watu, utatega wiki ijayo.